Unapodanganya ili uweze kutoa: kuitafuta hitilafu kwenye ukarimu wako

Daftari la kikoba chetu lina safu tano: tarehe, jina, kiasi, siku ya kurejesha, sababu ya mkopo. Mimi ndiye mweka hazina, mwaka wa tisa sasa, na safu ninayoisoma kwa makini kuliko zote ni hiyo ya mwisho. Jumamosi moja ya mwezi wa saba mama mmoja, mwenzetu wa siku nyingi, aliomba laki nne. Kwenye sababu akaandika "ada". Watoto wake nawajua, wote wako shule za serikali, na hapa Tanzania huko ada ilishafutwa, hata kidato cha tano na sita tangu 2022. Sikusema kitu. Nikahesabu pesa, nikampa. Akatia sahihi bila kuniangalia usoni.

Baadaye nikasikia laki nne ile ilikwenda kukomboa pikipiki ya kaka yake iliyokamatwa kwa deni. Mara ya tatu hiyo. Hakutuibia, alirejesha yote na riba yake. Ila nikabaki najiuliza: mtu anayefanya jambo jema anaona haya gani kuliandika?

Tangu hapo, mtu akija kuniambia kwamba kusaidia watu kumemmaliza, namfanyia kama fundi redio: simfungui kwanza, namuuliza inatoa sauti gani. Dalili moja huwa na sababu kadhaa, na ukikosea sababu utakata waya mzima ukauacha uliokatika.

Kwanza hakikisha kuna hitilafu

Kujinyima si ugonjwa. Mtu aliyekula dagaa miezi sita ili mdogo wake amalize chuo, au aliyeuza ng'ombe wa mwisho mama akapasuliwe, hana tatizo la kutatuliwa, anastahili heshima. Kujinyima kwa afya kuna mambo matatu: kuna siku ya mwisho inayojulikana, uliamua mwenyewe ukiwa na akili zako, na walio nyumbani kwako wanajua. Yote matatu yakiwepo, funga mwongozo huu ukaendelee na shughuli zako, hata kama mfukoni umebaki na nauli tu.

Kiasi hakisemi kitu. Nimeona mtu anatoa nusu ya mshahara na analala vizuri, na nimeona mwingine anatoa elfu kumi huku anatetemeka.

Dalili: moyo unashtuka ukiona jina fulani kwenye simu

Simu inaita, unaigeuza kifudifudi mezani, unasubiri ikatike. Halafu unajisikia vibaya, unatuma elfu ishirini na ya kutolea, bila hata kujua alikuwa anataka nini.

Sababu zinaweza kuwa mbili, na zinafanana kwa sura. Ya kwanza, mtu huyo kweli hapigi ila ana shida. Ya pili, na hii watu hawaitarajii, ni wewe uliyemfundisha kwamba njia ya kukupata ni shida. Humpigii mpaka ume­tuma pesa, na unapompigia ni kumuuliza kama imeingia.

Jaribio ni rahisi. Mpigie wewe, katikati ya mwezi, siku isiyo na jambo. Muulize mvua, muulize mahindi, muulize yule kuku aliyeatamia. Usitaje pesa. Fanya hivyo wiki nne.

Nililifanya kwa mama yangu. Kila wiki alikuwa ananiomba hela ya sukari, nami nilikuwa nahesabu kilo na kujiuliza kijijini wanakunywa chai ya namna gani. Nikaanza kumpigia kila Jumatano baada ya magharibi. Wiki ya tatu sukari ikapungua. Ya tano ikaisha kabisa, tukabaki na habari za jirani aliyehamisha mpaka wa shamba. Mama alikuwa anatafuta sababu ya kupiga simu, na sababu pekee niliyokuwa naipokea ilikuwa pesa.

Kama baada ya wiki nne kila mazungumzo bado yanaishia kwenye namba ya kutumia, basi ni ile sababu ya kwanza. Nenda kwenye sehemu ya jinsi ya kukataa, huko chini.

Dalili: unadanganya

Ningeambiwa nichague dalili moja tu ya kuangalia, ningechagua hii. Uongo una anwani: angalia unamdanganya nani, hitilafu iko mlangoni kwake.

*Unamdanganya anayeomba.* "Mshahara bado," na mshahara umeingia jana. Maana yake unaijua sababu moja tu ya heshima ya kutotoa, nayo ni kutokuwa nacho. Nafasi ya "ninacho ila nimekipangia kazi" haipo kichwani mwako. Mtu wa namna hii huishia kutoa au kutumia mpaka ile "sina" iwe kweli, asije akawa mwongo. Nami yalinikuta. Niliwahi kununua mifuko kumi ya saruji tarehe 26 ili tarehe 27 nikisema sina, isiwe dhambi. Kiwanja kilikuwa bado hakijasafishwa. Mvua ikaingia stoo, mifuko sita ikaganda, mpaka leo mmoja tunautumia kuzuia mlango wa uani.

*Unamdanganya mume au mke.* Unafuta meseji za miamala. Unasema nyama imepanda bei. Hapa tatizo limeshatoka kwenye ukarimu, kwa sababu unachotoa si chako peke yako. Mkono unaotoa ni wako, chungu ni cha wawili. Sababu ya kawaida ni kwamba suala la ndugu wa upande wako na wa upande wake halijawahi kuzungumzwa mkiwa mmetulia, linazungumzwa wakati wa ugomvi tu, kwa hiyo kila mmoja amechimba handaki lake. Nimewahi kukopesha mume na mke mwezi mmoja, kila mmoja kwa siri ya mwenzake, wote kwa ajili ya ndugu. Nilikosa usingizi siku mbili nikijiuliza kama nina haki ya kunyamaza.

*Unamdanganya anayekukopesha.* Ndiyo ile "ada". Unajua mwenyewe kwamba sababu halisi haitasimama ikisemwa kwa sauti mbele ya watu kumi na tano waliokaa kwenye jamvi. Basi itumie hiyo kama kipimo kabla hujatuma: ningeweza kulitamka kwenye kikao?

*Unajidanganya mwenyewe.* "Hii ni ya mwisho." "Mwezi ujao naanza akiba." Huu ni mgumu kuukamata kwa kukaa na kufikiri, hivyo usifikiri. Chukua taarifa ya miamala ya miezi mitatu kutoka kwenye simu yako, kaa na kalamu, na kila pesa iliyotumwa kwa mtu uitie alama. N kama niliamua, O kama niliogopa. Usihesabu jumla kwanza. Angalia herufi. Mwenzangu mmoja alirudi na karatasi yenye N nne na O thelathini na moja, na katika zile N nne mbili zilikuwa za mafundi.

Dalili: unakopa ili utoe

Hapa sina huruma sana, kwa sababu hesabu haina huruma. Chukua laki mbili kwa mkopo wa mtaani, ule tunaouita kausha damu, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Riba peke yake ni elfu sitini. Ukiwa unalipa riba tu, kama wengi wanavyofanya, miezi mitano umeshatoa laki tatu, na ile laki mbili bado inakusubiri. Zawadi ya laki mbili imekugharimu laki tano. Aliyepokea anakumbuka mbili, na ana haki, ndizo alizoziona.

Wapo wanaoacha na kadi ya benki kwa mkopeshaji, pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara yeye ndiye anayetangulia mashineni. Mtumishi wa umma sheria inamkinga asikatwe mpaka akabaki chini ya theluthi moja ya mshahara wake, lakini hakuna sheria inayomkinga na simu yake mwenyewe. Theluthi ile anaimalizia kwa kidole gumba.

Sababu hapa karibu kila mara ni kasi. Shida inakuja saa tatu usiku na inataka jibu saa tatu na dakika tano, na mkopo wa simu unatoka kwa kubonyeza mara nne. Tiba ni kuweka usiku mmoja katikati. "Nimesikia, nitakupa jibu kesho saa nne." Isipokuwa kuna mtu yuko kwenye machela, hakuna shida ya ukoo inayokufa kwa kulala. Utashangaa ni ngapi zinapata ufumbuzi mwingine kabla ya saa nne.

Kudhamini ni ndugu yake kukopa. Ukitia sahihi, hesabu kwamba pesa hiyo umeshaitoa. Kama huwezi kuitoa, usitie.

Dalili: unahesabu, na unaumia

Kila ukimwona shemeji amevaa kiatu kipya unakumbuka elfu themanini za mwaka juzi. Kwenye msiba unatazama nani amekusalimia kwa heshima ya kutosha. Ukiulizwa unasema shukrani ya punda ni mateke.

Watu wanadhani sababu ni utovu wa shukrani wa wengine. Mara chache ndivyo. Mara nyingi ulikopesha kwa sura ya kutoa: ulitaka urudishiwe kitu, labda upendo, labda sauti yako isikilizwe kwenye kikao cha ukoo, labda wakuache upumzike, lakini hukumwambia mtu masharti. Sasa unadai deni ambalo mdaiwa hajui kama analo. Kwa pesa zilizokwishatoka, zifute, hazirudi. Kwa zijazo, kama ni mkopo sema ni mkopo na utaje tarehe. Kama kuna unachokitaka, kiseme kwa mdomo.

Dalili: mwili umeanza kudai

Nimezungumza pesa kwa sababu ndizo zinazopita kwenye daftari langu, lakini wanaoumia zaidi ninaowajua hawatoi pesa. Wanatoa mgongo.

Mzazi anapata kiharusi. Watoto ni sita. Kikao kinakaa, kila mmoja anaeleza kazi yake ilivyo na msongo, na macho yote yanahamia kwa binti asiyeolewa, au aliyeachika, au yule "asiye na kazi maalumu", maana yake anauza vitumbua asubuhi. Hakuna anayempigia kura, ila kikao kinapofungwa tayari kazi ni yake. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kumwosha, kufua shuka, kumlisha uji kwa kijiko asipaliwe. Mwaka wa kwanza anasifiwa. Wa pili anazoeleka. Wa tatu anaanza kufoka, na ndugu wanaokuja Krismasi au Idi wanaulizana siku hizi ana nini.

Dalili zake zinajulikana: anampeleka mama kliniki ya presha kila mwezi na yake mwenyewe hajapima, usingizi unakatika hata usiku ambao mgonjwa ametulia, anacheka kwa kuchelewa, anamwonea mgonjwa hasira kisha anajichukia kwa hiyo hasira. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu kuungua kwa namna hii, na aliowaona nayo walikuwa watu wa kujitolea katika kliniki ya bure jijini New York. Walioungua kabla ya wengine ni wale waliojitoa kwa moyo wote. Wavivu hawaungui.

Sababu ni kwamba mzigo umepewa mtu badala ya kupewa ratiba. Tiba yake ni kuugeuza uwe ratiba. Andika kazi zote za wiki moja, saa kwa saa, pamoja na zile za usiku, uwatumie ndugu wote kwenye lile kundi la ukoo. Usiweke malalamiko hata mstari mmoja, ratiba tu. Kisha uliza: nani anachukua ipi? Aliye mbali anayeweza pesa alipe mtu wa kusaidia siku mbili kwa wiki. Anayeweza mwili aje wikiendi moja kwa mwezi, alale chumba cha mgonjwa. Siku hiyo wewe uondoke nyumbani. Ukibaki utaishia kuhudumia watu wawili badala ya mmoja.

Dalili: unayemsaidia hasogei

Hii ni fupi. Kaka ana miaka 34, umemfungulia biashara tatu. Kumbuka mwezi ambao kweli hukuwa na kitu: alifanyaje? Kama alipata njia nyingine, basi njia ipo na wewe ndiye unayeiziba. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu, na huyo alikuwa mgeni.

Sababu zilizo chini ya sababu

Ukifuata waya hizi zote zinakwenda kwenye boksi moja ukutani, na ndani yake huwa kuna kitu kimojawapo kati ya hivi.

Ulifanywa mzazi ungali mtoto. Kifungua mimba aliyebeba wadogo mgongoni akiwa na miaka tisa hajawahi kujua anapendwa kwa nini kingine zaidi ya kubeba. Akiweka chini mzigo anahisi ametoweka.

Unadaiwa kweli. Ukoo ulichanga ukasoma, baba mdogo aliuza shamba. Hili ni deni la haki na silipuuzi. Lakini deni lina kiasi. Lihesabu, ulilipe kwa mpango, na siku ya mwisho ijulikane. Deni lisilohesabika hugeuka kuwa utumwa.

Unaogopa maneno. "Amejisahau." "Mjini pamemharibu." Na tuseme kweli, wapo wanaotuma pesa kwa kuogopa kulogwa, watu wenye digrii zao, ila hawatakwambia mpaka mkae sana. Siwezi kukutoa hofu hiyo kwa maandishi. Nitasema tu kwamba pesa uliyotuma kwa kuogopa haijawahi kumpunguza mtu hofu. Mwezi unaofuata inarudi na dau kubwa zaidi.

Na unatumia dini vibaya. Anayesema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, huwa anasema akiwa ameshika kadi ya mchango. Kurani inakataza kuufunga mkono shingoni, na katika aya hiyohiyo, Al-Israa 29, inakataza kuukunjua wote ukabaki huna kitu. Saad bin Abi Waqqas alipotaka kutoa mali yake kwa wingi akiwa mgonjwa, Mtume alimpunguza mpaka theluthi, akamwambia hata theluthi ni nyingi. Paulo naye, katika barua ya pili kwa Wakorintho sura ya 8, akiwa katika kuomba mchango kabisa, anaweka wazi kwamba hataki wengine wastarehe na watoaji wapate dhiki. Wachangishaji wetu mstari huo huwa hawaufikii.

Jinsi ya kukataa kwa Kiswahili

Lugha yetu ina tatizo lake hapa. "Nitaangalia," "ngoja nione," "nitajitahidi," "Mungu akijalia": wewe umesema hapana kwa adabu, aliyesikia amesikia ndiyo, tena ameshamwahidi mtu mwingine. Kisha siku ya ahadi anapiga na anakuona mwongo. Na ana sababu.

Kwa mkubwa: "Shikamoo baba mdogo. Nimekuelewa vizuri, na pole kwa hilo. Mwezi huu sitaweza." Kisha nyamaza. Usieleze. Kila maelezo ni mlango: ukisema umelipa kodi, atakuuliza kodi ni shilingi ngapi. Kwa mdogo unaweza kutaja unachoweza: "Mdogo wangu, hiyo laki sina fungu lake. Nina elfu ishirini, nakupa, sitakudai." Kwa kamati ya harusi, toa ahadi ndogo siku ya kwanza na uilipe mapema. Anayekwepa simu za mweka hazina wa kamati hutoa zaidi mwishoni, kwa aibu.

Neno "fungu" nimelitumia makusudi. Tenga kiasi cha ndugu kila mwezi, mwenza wako akijua, kitolewe siku moja. Kikiisha kimeisha, na hapo "sina" yako inakuwa kweli bila kununua saruji.

Tarajia kelele miezi miwili au mitatu. Mtu mmoja atanuna, mwingine ataleta jambo lako kwenye kikao, na shangazi mmoja atakupigia kukuuliza kama unaumwa. Usirudi nyuma mwezi wa pili. Ukirudi hapo, umewafundisha kwamba kununa kunahitaji miezi miwili.

Pasipofaa mwongozo huu

Kama anayekuomba anakupiga, anakunyang'anya kadi ya benki au anakutishia, huo si ukarimu uliozidi, ni unyanyasaji, na maneno ya adabu hayatakusaidia. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na halmashauri zina maafisa ustawi wa jamii. Na kama umechoka kiasi cha kuona afadhali usiwepo, mwambie mtu leo uende hospitali. Ratiba na mafungu vitasubiri.

Yule mama wa pikipiki alirudi mwezi wa kumi na moja. Nilimsogezea daftari. Alikaa na kalamu muda, kisha kwenye safu ya mwisho akaandika "kaka", akapiga mstari chini. Kwenye kiasi akaandika laki moja. Nikamuuliza kama nyumbani wanajua. Akaelekeza kidevu mlangoni: mume wake alikuwa nje, amekaa juu ya baiskeli, anamsubiri.